Kompyuta ya mezani: namna ya kujua kila kitufe kina kazi gani bila kuiharibu

Mama mmoja wa Mkomani, katibu wa chama cha akina mama, alinipigia simu Jumamosi baada ya Alasiri. Kompyuta yao ya mtumba ilikuwa imefika tangu Jumatano na hakuna aliyethubutu kuiwasha. "Mwanangu, ina vitufe vitano na havina hata jina. Ndoo uitazame." Nilimkuta ameiweka juu ya meza, ameifunika leso, na wajukuu wamekatazwa wasiisogelee.

Kazi yangu ni kuchapa na kutengeneza kompyuta hapa Lamu, na jambo hili nalikuta mara kwa mara. Mashine nyingi zinazotufikia ni zile watu wanaziita ex-UK. Zimetumika maofisini Uingereza miaka kadhaa, zikauzwa kwa bei nafuu, zikapitia Mombasa au Nairobi, zikavuka kwa boti kutoka Mokowe, na mwisho zikasukumwa kwa mkokoteni vichochoroni hadi mlangoni. Zikifika, maandishi ya vitufe yameshafutwa na vidole vya watu na kitabu cha maelezo hakipo. Mwenye nayo anaogopa kubonyeza asije akaiunguza.

Hofu hiyo naiheshimu, ila naona imeelekezwa mahali sipo. Vitufe vya mbele, vinavyoogopwa, haviunguzi kompyuta. Kinachoweza kuiunguza kiko nyuma, ni kidogo, mara nyingi ni chekundu, na hakuna anayekitazama. Kwa hiyo tuanze nyuma.

Hatua ya kwanza: ligeuze kasha

Zima swichi ya ukutani na uchomoe plagi. Kisha geuza kasha uone mgongo wake. Wengi wetu hulijua kasha hili kwa jina la CPU. CPU yenyewe ni chipu iliyo ndani, ndogo kama kisanduku cha kiberiti, lakini ukisema CPU hapa mjini utaeleweka.

Pale waya mnene wa stima unapoingia ndipo ilipo pawa saplai, kifaa kinachoipa kompyuta stima yake. Tafuta swichi pana inayobonyea huku na huku, yenye alama mbili, mstari na duara. Mstari ni kuwaka, duara ni kuzima. Alama hizo ni za kimataifa, utazikuta pia kwenye birika la umeme na pampu ya maji. Swichi hii ndiyo inayokata stima kwelikweli. Kompyuta nyingi ndogo za maofisini hazina swichi hii, na kwa hizo plagi ndiyo swichi.

Sasa tafuta karibu na hapo kiswichi cha kusukuma, kilichozama ndani kidogo, kinachohitaji ncha ya bisibisi. Juu yake pataandikwa 115 au 230. Hizo ni volti. Stima ya Kenya ni volti 240, kwa hiyo kwetu lazima kisomeke 230. Nafasi ya 115 ni ya nchi kama Marekani, ambako stima ya nyumbani ni volti 120. Mtoto akikisukuma hadi 115 kisha ukawasha, utasikia mlipuko mdogo, utanusa harufu ya kuungua, na pawa saplai itakuwa imekwisha, pengine na vingine pamoja nayo. Pawa saplai nyingi za sasa hupokea volti 100 hadi 240 zenyewe, hazina kiswichi hiki. Kama yako inacho, hakikisha kinasomeka 230, kisha kizibe kwa utepe. Cha yule mama kilisoma 230, na nilikiziba kabla sijajibu swali lake hata moja.

Baadhi ya kompyuta za Dell zina kitufe kingine hapo nyuma, kidogo sana, kando ya kitaa. Hicho ni cha kupimia pawa saplai: ukikibonyeza huku plagi imechomekwa na kitaa kikawaka kijani, pawa saplai ni nzima. Hakidhuru.

Hatua ya pili: fuata stima

Rudisha plagi, kisha washa kwa mpangilio: ukutani kwanza, halafu UPS (kisanduku cha betri ya akiba) kama unayo, halafu swichi ya nyuma upande wa mstari. Kitufe cha UPS kwa kawaida hushikiliwa mpaka ilie, kukigusa tu hakutoshi. Na siku stima ikipotea ukaisikia ikilia kila baada ya muda, inakwambia kwamba unatumia betri yake; hifadhi kazi na uzime.

Mpaka hapa kompyuta haitaonyesha dalili yoyote, na ndivyo inavyotakiwa. Ila jua kwamba tayari kuna umeme kidogo ndani, volti 5, unaoifanya isikie utakapobonyeza mbele. Ndiyo maana taa ya mausi wakati mwingine hubaki ikiwaka usiku kucha ingawa kompyuta imezimwa. Ukitaka kufungua kasha au kulipangusa vumbi, kuzima kwa mbele hakutoshi. Chomoa plagi.

Hatua ya tatu: piga hodi

Kitufe kikubwa kuliko vyote mbele ni cha pawa. Alama yake ni duara lililopasuka juu, na mstari umesimama kwenye ufa. Alama ikiwa imefutika, kipapase: kwa kawaida ndicho kipana zaidi, na mara nyingi kina taa ndani yake au ubavuni.

Zamani kitufe hiki kilikuwa swichi kamili, stima ya ukutani ikipita ndani yake. Mwaka 1995 Intel ilileta muundo uitwao ATX, na tangu hapo mambo yamebadilika. Nyuma ya kitufe mna nyaya mbili nyembamba zinazokwenda kwenye ubao mkuu (motherboard), na umeme uliomo hauzidi volti 5. Kitufe hakiwashi wala hakizimi chochote chenyewe. Kinapeleka ombi.

Nilimwambia yule mama, "Hii ni hodi. Ukibisha mara moja na kuachia, wa ndani wanasikia, wanajisitiri, ndipo wanakufungulia." Kompyuta ikiwa imezimwa, hodi moja inaiwasha. Ikiwa imewaka, hodi moja inaiambia ifunge programu na izime kwa utaratibu, au ilale, kutegemea ilivyopangwa. Lakini ukikibonyeza na kukishikilia, baada ya sekunde nne hivi stima ndani inakatwa papo hapo. Hapo umevunja mlango. Barua uliyokuwa ukiandika na hukuihifadhi imepotea, na diski ikiwa ilikuwa katikati ya kuandika, faili inaweza kuharibika.

Akaniuliza, "Na wasipoitika?"

Hodi ni tatu, mama. Kompyuta ikiganda, ya kwanza ni kwenye kibodi: bonyeza Ctrl, Alt na Delete kwa pamoja, kisha subiri dakika moja. Ikileta ukurasa wenye machaguo, izime kutoka hapo. Ya pili ni kugusa kitufe cha pawa mara moja na kuachia. Subiri dakika mbili au tatu, usirudie rudie. Ya tatu ndiyo kushikilia. Wengi huanzia hapo, na ndiyo sababu naletewa diski zenye faili zisizofunguka.

Hodi moja italaza au itazima? Hilo unaweza kuliamua mwenyewe. Kwenye Windows, bonyeza kitufe chenye bendera ya Windows pamoja na herufi R, andika powercfg.cpl, kisha Enter. Utafunguka ukurasa wa pawa, na upande wa kushoto kuna mstari unaotaja vitufe vya pawa vifanye nini. Mimi huchagua kuzima. Kompyuta iliyolala huishikilia kazi yako kwa stima, na ikipotea, kama inavyopotea hapa kwetu bila taarifa, kazi ambayo hukuihifadhi inakwenda nayo. Kibodi nyingine zina kitufe chenye picha ya hilali. Hicho ndicho cha kulaza, na kwenye meza ya chama ningekizuia kwenye ukurasa huo huo.

Hatua ya nne: kile kidogo kilicho jirani

Chini au kando ya kitufe cha pawa huenda kuna kingine, kidogo kama punje ya mahindi, pengine kimezama ili kidole kisikifikie kwa bahati mbaya. Hicho ni cha kuianzisha kompyuta upya. Hakipigi hodi kabisa: ukikigusa tu, skrini inakuwa nyeusi na kila kitu kinaanza mwanzo.

Nakijua kwa uchungu. Mwaka wangu wa kwanza kwenye kazi hii, maalim mmoja alikaa pembeni yangu akinisomea majina ya wanafunzi wa madrasa, jina, la baba, la babu, kwa zaidi ya saa moja. Tulipomaliza nilitaka kufungua droo ya CD nimpe nakala. Nikagusa kitufe nilichodhani ni cha droo. Sikuwa nimehifadhi hata mara moja. Maalim alinyamaza, akafungua daftari lake ukurasa wa kwanza, akaanza kusoma tena. Tangu siku hiyo sibonyezi kitufe nisichokijua wakati kuna kazi iliyo wazi, na kila kompyuta ninayomkabidhi mtu nakibandika kitufe hicho utepe.

Kompyuta nyingi za Dell na HP za maofisini hazina kitufe hiki. Usikitafute usipokiona.

Taa, na droo ya CD

Taa moja huwaka mfululizo: hiyo ni ya pawa. Nyingine hupepesa, na mara nyingi karibu yake pana picha ya mkebe, yaani diski. Ikipepesa, diski ina kazi. Itazame kabla ya kushikilia kitufe cha pawa, kwani kompyuta iliyoonekana kuganda huenda inajitahidi tu. Taa ya mkebe ikiendelea kupepesa, nenda kanywe kahawa, urudi.

Droo ya CD ina kitufe chake chenye pembetatu juu ya mstari. Ikigoma, tazama usoni pake utaona tundu dogo la sindano. Zima kompyuta, nyoosha kibanio cha karatasi, kichomeke taratibu mpaka ukute kizuizi, kisha sukuma. Droo itachomoza kidogo uivute kwa mkono.

Kitufe kikikwama

Hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi ikichanganyika na vumbi hushika kwenye vitufe. Dalili yake nataka uishike vizuri, maana watu wametozwa pesa za ubao mpya kwa sababu yake: kompyuta inawaka, inakaa sekunde nne hivi, inazima. Unawasha tena, yale yale. Kabla ya kulaumu kitu kingine, tazama kama kitufe cha pawa kimebaki ndani. Kikibaki ndani, kompyuta inadhani umekishikilia.

Chomoa plagi, kibonyeze na kukiachia mara nyingi, kipanguse pembeni kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, kisha ujaribu. Kisipoachia, kuna njia mafundi tunayoitumia. Fungua ubavu wa kasha ufuate nyaya mbili za kitufe cha pawa hadi kwenye ubao. Kishikizo chake kimeandikwa PWR SW. Jirani yake kuna kilichoandikwa RESET SW. Chomoa vyote viwili, kisha chomeka cha RESET SW mahali pa PWR SW. Kile kitufe kidogo sasa ndicho cha kuwashia. Kwa nyaya za vitufe haijalishi upande upi unaelekea wapi. Za taa ndizo zina upande. Hii haifanyiki kwenye kompyuta ambazo nyaya zote za mbele zimekusanywa kwenye kishikizo kimoja.

Vitufe vya skrini

Skrini ina stima yake na kitufe chake. Feni ikivuma na skrini iko nyeusi, tazama taa ya skrini kwanza. Haiwaki kabisa: haina stima, au imezimwa kwa kitufe chake. Ina rangi ya machungwa: ina stima ila haipati picha, basi kaza waya unaotoka kwenye kasha. Baada ya safari ya boti na mkokoteni, waya uliolegea ndio chanzo ninachokikuta mara nyingi zaidi.

Vitufe vingine vimejificha chini ya ukingo, huvioni, unapapasa. Anza na kilicho mbali zaidi na taa. Kimoja hufungua menyu, viwili hupanda na kushuka, na kimoja huchagua waya gani usikilizwe: VGA, DVI, HDMI au DisplayPort. Hiki cha mwisho ndicho kinachowachanganya watu. Mtoto akikigusa, skrini inaanza kungojea picha kwenye waya usiokuwepo. Bonyeza hicho hicho, moja baada ya nyingine, mpaka picha irudi. Skrini ikisema vitufe vimefungwa, kwa nyingi unashikilia kitufe cha menyu sekunde kumi hivi vinafunguka.

Kibodi iliyotoka Uingereza

Siwezi kueleza vitufe mia moja na ushee, na vingi utavijua kwa kuvitumia. Ila kuna hivi vinavyoleta wateja mlangoni.

Neno la siri linakataliwa: tazama taa ya Caps Lock, kisha ya Num Lock. Num Lock ikiwa imezimwa, tarakimu za kulia haziandiki namba. Herufi mpya zinakula za mbele yake: uligusa Insert, kiguse tena. Kwenye jedwali la hesabu mishale inasogeza ukurasa mzima badala ya kuhama kisanduku: ni Scroll Lock.

La ex-UK ni hili. Kibodi ya Uingereza ina alama za kufungulia usemi juu ya namba 2, na alama ya @ iko karibu na Enter. Ya Marekani ni kinyume. Fundi aliyeweka Windows asipobadilisha, utabonyeza penye picha ya @ upate alama za usemi, na anwani ya barua pepe kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, itakataliwa huku ukiapa umeandika sawa. Kipimo ni Shift na 3: ikitoa alama ya pauni, kompyuta imepangwa kwa kibodi ya Uingereza, ikitoa ile ya #, imepangwa kwa ya Marekani. Jaribu kitufe cha Windows pamoja na cha nafasi, kinahama kati ya mipangilio iliyopo. Kama uko mmoja tu, ongeza mwingine kwenye mipangilio ya lugha. Chumba kizima cha akina mama walikuwa wamesadiki kwamba kibodi ni mbovu, na ilichukua dakika mbili.

Kitufe usichokijua

Kikibaki kimoja mbele ambacho hakijaeleweka, hifadhi kazi, funga kila kitu, kiguse mara moja, uachie. Tazama skrini, tazama taa, sikiliza feni. Huenda kinabadilisha rangi za taa au kasi ya feni. Lakini kitufe kidogo kilicho nyuma, kwenye bamba la chuma lenye matundu ya USB, usikijaribu hivyo. Huko kuna vinavyofuta mipangilio ya msingi ya mashine, na vingine vya kuibadilishia programu ya ubao. Hivyo viache.

Ukishavijua, viandike. Mimi hutumia utepe wa karatasi, ule wa wapaka rangi, na kalamu isiyofutika. Yule mama alitaka kuandika mwenyewe. Kikubwa alikiandika HODI, kidogo akakiandika USIGUSE, na cha droo SAHANI.

Mwisho, nyuma au ubavuni mwa kasha kuna stika yenye jina la kiwanda na namba ya modeli. Kwa namba hiyo unaweza kupata kitabu cha mashine yako kwenye mtandao, au fundi akakusaidia kwa simu bila kuja. Ipige picha sasa, kabla hujalirudisha kasha ukutani.